Krismasi Tarime na Serengeti: Peleka biskuti na karanga, acha kreti ya soda

Kuna kitamu cha Krismasi kisichohitaji oveni, mayai wala unga. Kinatengenezwa kwa biskuti zilizopondwa, karanga zilizosagwa na chokoleti iliyoyeyushwa, na kazi yote inamalizika ndani ya saa mbili. Nyumbani kwangu tunaviita vibonge. Wiki hii nitakueleza namna ya kuvitengeneza, ndugu msomaji, lakini kwanza nisindikize hadi mkoani Mara, maana ndiko ninakotaka vifike.

Tarime na Serengeti, Desemba ni mwezi wa mambo mawili. Shule zimefungwa, ndugu wanarudi kutoka Mwanza na Dar es Salaam, mbuzi wanachinjwa, nyama inachomwa, na wapenzi wa kichuri wameshaanza kumeza mate. Mwezi huohuo ndio msimu wa ukeketaji. Koo nyingi za Wakurya zilizoea kuufanya katika likizo hii, hasa mwaka unaogawanyika kwa mbili, baada ya wazee wa mila kutoa idhini. Siku hizi, kwa kuogopa kukamatwa, wapo wanaofanya kwa siri usiku, wapo wanaokeketa watoto wadogo zaidi, na wapo wanaovusha mabinti mpaka.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Takwimu zinashuka, ila polepole. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10, ikawa 8.

Kiafya ukeketaji hauna faida hata moja. Una damu isiyokatika, maambukizi, pepopunda, maumivu wakati wa kukojoa, makovu yanayoleta shida siku ya kujifungua, na majeraha ya akilini ambayo hayaonekani kwa macho. Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara aliyeanzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania mwaka 2017, amesimulia hadharani kwamba rafiki yake alifariki kwa kutokwa na damu baada ya kukeketwa, na kwamba yeye mwenyewe alipofanyiwa alikaribia kufa.

Lakini kuna jambo moja ambalo sisi tunaoandika mambo ya afya tunalisahau. Ukeketaji huja umevaa nguo za sherehe. Binti aliyekeketwa husindikizwa kwa nyimbo, hutandwa khanga, hupewa fedha, hupikiwa. Kwa siku chache yeye ndiye mtu mkubwa wa kaya. Aliyekimbia usiku na mfuko wa nailoni wenye gauni moja ameokoa mwili wake, ila amekosa siku yake. Wenzake wanaimbiwa, yeye yuko kituoni na watu asiowajua, pengine ametengana na mama yake kwa mara ya kwanza, na Krismasi ndiyo hiyo.

Vituo vyenyewe vinafahamika. Tarime kuna kituo cha Masanga, ambacho msimu ukifika hupokea mamia ya wasichana na kuwapa mafunzo ya kuwavusha rika bila kisu. Serengeti kuna nyumba salama ya Mugumu, iliyo chini ya shirika la Rhobi, ambalo lina nyumba nyingine Kiabakari wilayani Butiama. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya Giselle Portenier, In the Name of Your Daughter, inayoonyesha maisha ya wasichana waliokimbilia Mugumu.

Watu wema huenda kutembelea vituo kama hivi wakati wa sikukuu. Nami nimewahi kuwa mgeni wa namna hiyo, katika kituo cha watoto ambacho sitakitaja. Tulipeleka kreti sita za soda na pipi za mfuko. Watoto walipanga mstari, wakapokea, wakasema asante, tukapiga picha, tukaondoka. Jioni ile nilijiuliza tulichowaachia ni nini zaidi ya sukari. Ndiyo maana mwaka huu nashauri kitu tofauti: peleka vifaa vya kutengenezea kitamu, kisha kaa mchana mzima nao, mikono ikichafuka pamoja.

Vifaa na hatua

Kwa vibonge 30 utahitaji biskuti za kawaida za glukosi gramu 200, siagi ya karanga isiyotiwa sukari gramu 150, ambayo ni kama zaidi kidogo ya nusu kikombe, maziwa yaliyochemshwa na kupozwa vijiko vya chakula vitatu au vinne, chumvi chembe tu, na chokoleti gramu 150. Chokoleti nyeusi ni bora kuliko ya maziwa, kwa kuwa sukari yake kwa kawaida ni kidogo. Wakiwa wasichana sitini, zidisha mara nne, kila mmoja apate viwili.

Ponda biskuti hadi ziwe kama unga wa mahindi wa kukoboa. Kinu kinafaa, ila kiwe kikavu na kimesafishwa, kisiwe kimetoka kutwanga kitunguu saumu. Usipokuwa na kinu, zitie kwenye mfuko safi wa nailoni upitishe chupa juu yake. Changanya na siagi ya karanga na chumvi, kisha ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja hadi donge likikamatwa lishikane bila kunata kiganjani. Viringisha vibonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, vipange kwenye sinia, viweke mahali penye ubaridi kwa nusu saa. Tarime iko juu, ina hewa baridi, hivyo kivuli kinatosha asubuhi. Mchana wa jua kali beseni la maji baridi chini ya sinia litasaidia.

Sasa chokoleti. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Katakata vipande vidogo, viweke kwenye bakuli kavu, na bakuli likae juu ya sufuria ya maji yaliyochemka ambayo umeshaiepua motoni. Mvuke unatosha. Usiweke chokoleti moja kwa moja kwenye moto wa mkaa, itaungua kabla hujageuka. Na usiruhusu hata tone la maji liingie. Mara yangu ya kwanza nilikorogea mwiko uliotoka kuoshwa. Chokoleti iligandamana ikawa kama udongo wa kukandikia, na fedha yangu ikaenda na maji. Ikishayeyuka, chovya kibonge kwa uma, kitikise kidogo, kirudishe kwenye sinia. Ndani ya saa moja kimeganda.

Chokoleti ikikosekana dukani au bei ikikushinda, viringisha vibonge kwenye unga wa kakao. Vitakuwa vichungu kidogo kwa nje, vitamu ndani, na mimi binafsi navipenda hivyo zaidi. Kakao yenyewe inalimwa Kyela, kwa hiyo si kitu cha kigeni kama tunavyodhani.

Nimesema havihitaji unga, na hilo ni la kiafya pia. Biskuti imeshaokwa. Mtu asije akaongeza unga wa ngano mbichi ili mchanganyiko uwe mwingi. Unga mbichi hubeba vimelea vinavyoendesha tumbo, na hapa hakuna moto wa kuviua.

Karanga, mikono na sukari

Karanga ndizo za kuangaliwa kuliko vyote. Karanga zilizovundikwa na unyevu huota fangasi wanaotoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Ni sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Kukaanga hakuimalizi. Ukisaga mwenyewe, chambua kwanza: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu zitupwe, wala usiwape kuku. Ukinunua iliyosagwa tayari, chukua iliyofungwa vizuri yenye alama ya ubora ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kabla ya kuanza, muulize mlezi wa kituo kama kuna asiyepatana na karanga au maziwa. Dalili ni midomo kuvimba, vipele vya ghafla mwilini, kutapika au kupumua kwa shida; kupumua kukibadilika, ni hospitali saa hiyohiyo. Wadogo walio chini ya miaka mitano wakatiwe kibonge vipande vinne na wale wakiwa wamekaa, na karanga nzima wasipewe kabisa, kwani hupalia.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kucha zikatwe, na mwenye kuharisha au kidonda kidoleni apewe kazi ya kuhesabu na kupanga sinia. Najua hili linasikika dogo. Lakini katika nyumba yenye wasichana wengi wanaolala chumba kimoja na kutumia choo kimoja, tumbo la mmoja hufika kwa wote kabla ya Mwaka Mpya.

Kuhusu sukari, hebu tupige hesabu. Kwa vipimo nilivyotoa, kila kibonge kina takriban gramu nne za sukari, yaani kijiko kimoja cha chai. Soda ya kola ya mililita 350 ina vijiko kama tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni vijiko kama 12, na ikiwezekana ishuke hadi sita. Kwa hiyo soda moja na vibonge vitatu vimemaliza ukomo wa siku nzima, kabla ya chai ya asubuhi. Vibonge viwili na maji ya kunywa vinaacha nafasi. Wape baada ya chakula, si kabla, na usiku wapige mswaki kwa dawa ya meno yenye madini ya floraidi. Mwenye kisukari nyumbani anaweza kuonja kimoja, ilimradi akihesabu kwenye mlo wake na asiache dawa kwa sababu ya sikukuu.

Ukifika kituoni

Usiende bila taarifa. Piga simu kwanza, maana nyumba hizi zina sababu ya kufunga geti. Usimuulize binti kilichompata. Ukikaa naye mnaponda biskuti atasema anachotaka kusema, au hatasema kitu, na yote mawili ni sawa. Simu yenye kamera iache kwenye begi. Picha ya msichana aliyekimbia ukoo wake inaweza kumfikia anayemtafuta.

Kisha waachie kazi. Mtoto ambaye kwa wiki kadhaa mambo yake yote yameamuliwa na watu wazima, wa kumkata na wa kumwokoa, anafurahi kuamua kitu, hata kama ni ukubwa wa kibonge. Waliozoea kinu watakucheka unavyotwanga. Wataimba, na nyimbo ni zilezile za Kikurya wanazozijua. Hakuna ubaya katika nyimbo.

Ikiwa uko nyumbani na wala huna mpango wa kwenda kituoni, fanya hivi na mabinti zako. Na ikiwa unajua mtoto anayeandaliwa kukeketwa, Simu ya Huduma kwa Mtoto ni 116, haikatwi fedha, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu. Usingoje hadi baada ya sikukuu.

Vibonge vyenye maziwa viliwe siku hiyohiyo, au kesho yake kama kuna friji. Lakini tenga mchanganyiko kidogo kabla ya kutia maziwa, uulainishe kwa siagi ya karanga zaidi, uviringishe kwenye kakao. Hivyo, vikifungwa kwenye chombo kikavu mahali penye ubaridi, hukaa wiki nzima. Msimu ukipita, mabinti wengi hurudi makwao baada ya wazazi kutia saini mbele ya polisi na ustawi wa jamii kwamba hawatawakeketa. Wengi wao wana wadogo zao walioachwa nyumbani, na anayerudi huwa anatafuta cha kuwapelekea.