Jaa Huanzia Jikoni

Aliyekuwa akivuka Makupa kuelekea Changamwe miaka ile hakuhitaji kuambiwa kwamba amefika Kibarani, harufu ilimtangulia. Kwa miaka mingi taka za mji zilirundikwa pale ukingoni mwa bahari, nyingine zikiteremka hadi majini. Mwaka 2018 jaa lile likafungwa, pakapandwa miti na nyasi, nasi tukashukuru. Lakini taka zetu hazikwisha. Zilielekezwa Mwakirunge, huko Kisauni, na iliyokuwa kero ya mtaa mmoja ikawa kero ya mtaa mwingine.

Hapa yatupasa kujiuliza, sisi wenye kununua na kupika: je, jirani ni yule wa ukuta mmoja tu? Mtoto akaaye karibu na jaa huvuta moshi wa vitu vilivyotoka majumbani mwetu.

Tulitazame pipa la taka baada ya futari. Mna kaimati zilizobaki, viazi vya karai, wali na mchuzi, vyote vimechanganyika na chupa za soda na karatasi za nailoni. Chakula kikifukiwa chini ya rundo pasipo hewa, huoza na kutoa gesi ya metheni, ambayo hushika moto upesi na huzidisha joto la dunia. Maji yake meusi nayo hupenya ardhini. Plastiki iliyolowa mchuzi haina mnunuzi, hivyo huishia kuchomwa au kusombwa na mvua hadi baharini. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na hilo lilikuwa jambo la heri. Lakini hakuna sheria ya serikali iwezayo kutupimia mchele wa chungu chetu.

Kipimo hicho tumepewa na dini. Suratul A'raf, aya ya 31, imeturuhusu kula na kunywa, na papo hapo ikatukataza israfu. Naye Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuliokota tonge lililoanguka, tulisafishe na kulila.

Basi tupike kwa idadi ya walaji, na kinachosalia kiwe daku. Cha ziada kimfikie jirani kingali na moto, si kesho kimechacha. Maganda na makombo tuyatie katika ndoo yake, yawe mboji au chakula cha kuku na mbuzi. Chupa zikavu tuwape wanaozikusanya. Tuendapo sokoni Kongowea au Likoni, tubebe kikapu, na kabla ya kuondoka tuangalie kilichomo kabatini.

Tukinunua kilo mbili pale ilipotosha moja, ile ya pili haiingii tumboni mwa mtu. Inakwenda Mwakirunge, nasi tumeilipia.