Kuwafundisha Watoto Kuchora Wanyama Wanaojificha Msituni

Katika msitu wa Amani, wilayani Muheza, huishi kinyonga mdogo asiyezidi urefu wa sentimita 10. Mkia wake ni mfupi, rangi yake ni ya kahawia, na mistari ya ubavuni hufanana na mishipa ya jani kavu. Akitishwa hutulia tuli, na adui aweza kumpita akidhani ni jani.

Mtoto afundishwapo kumchora, aanze na mandhari: majani makavu, mizizi na vivuli. Kijani hupatikana kwa kuchanganya buluu na njano. Tone la nyekundu huikaribisha rangi hiyo na kahawia. Kisha kinyonga apakwe rangi zilezile za majani, bila kuzungushiwa mstari mweusi, kwani mstari huo ndio umfichuao. Jicho lichorwe mwisho.

Faida ya zoezi hili haiishii kwenye picha. Wengi humwogopa kinyonga na hata kumuua, ilhali hana sumu, naye hula wadudu. Mtoto aliyejifunza kumtazama hutambua pia kwamba majani yakichomwa, maficho yake hutoweka. Wazazi na walimu wanaombwa kuwaongoza watoto wachore huku wakimwacha mnyama mahali pake.