Safu ya saba

Nilikwenda pale kwa jambo jingine kabisa. Mhariri alitaka habari ya madawati, nami nilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule moja ya kata upande wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, nikisubiri amalizane na mzazi nje. Mezani palikuwa na kaunta buku iliyofunikwa kwa karatasi ya kaki, kona zake zimelegea kwa kushikwashikwa. Juu imeandikwa ADHABU. Nikaifungua. Najua si adabu.

Safu zimepigwa kwa rula na wino mwekundu: tarehe, jina, kidato, kosa, viboko, sahihi. Kurasa za mwanzo zimejaa mwandiko wa haraka. Kuchelewa, vinne. Kuchelewa, vinne. Kutochomekea, viwili. Kuongea Kiswahili, vitatu. Jina la kijana mmoja wa kidato cha pili nililihesabu mara 11, na kila mara kosa ni lile lile, kuchelewa. Katikati ya kitabu nikakuta safu ya saba. Imebanwa kati ya kosa na viboko, nyembamba kama kidole, imepigwa kwa bluu, na chini rula iliteleza kidogo. Inasema: Sababu.

Habari ya madawati sijaiandika mpaka leo.

Mkuu huyo, ambaye shule nzima inamwita Madam, aliomba jina lake lisitoke gazetini. Ni mwalimu wa Hisabati, na aliponikuta na kitabu chake mkononi hakukasirika. Alivuta kiti.

"Darasani mtoto akiniletea jibu lisilo sahihi namwambia nini? Onyesha njia. Nataka nione alipotelea hatua ya ngapi. Sasa huyo huyo analetwa ofisini na kosa, nampa vinne, nasaini, anaondoka. Njia sijaiona. Mwalimu wa Hisabati mzima!" Akacheka, ila si kwa furaha.

Ndiyo maana alichukua kalamu ya bluu akaongeza safu ile. Sababu zilizomo humo ni fupi, maana nafasi yenyewe ni finyu. Sare ni moja, haikukauka. Nilimsubiri dada nimwachie mtoto. Konda alikataa. Konda alikataa. Na mbele ya kosa la kuongea Kiswahili: tumbo liliniuma, sikujua kulisema. Hiyo niliisoma mara mbili. Mtoto amefundishwa kwa Kiswahili miaka saba, Januari anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo limegeuka Kiingereza, na tumbo lake nalo linatakiwa liumie kwa Kiingereza.

Yule wa mara 11 ni wa konda. Kila anayepanda daladala asubuhi anaijua ile sauti mlangoni: "Madenti wawili tu!" Nauli ya mwanafunzi haifiki nusu ya ya mtu mzima, kwa hiyo wa tatu anaachwa. Madam alikwenda kituoni alfajiri moja akasimama naye. "Mimi nilipanda gari la kwanza," alisema. "Yeye akabaki."

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, ruhusa ya kuchapa viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, na kila adhabu iandikwe. Kosa kubwa. Kuchelewa kumeingiaje humo? Kenya waliipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001. Huku kwetu mjadala hupamba moto mtoto anapopoteza maisha baada ya kuchapwa, kama ilivyokuwa Bukoba Agosti 2018, kisha hupoa.

Safu ya saba haikupokelewa kwa vigelegele. Kwenye kikao walimu walimwambia anadekeza watoto, samaki mkunje angali mbichi. "Nikawajibu sawa, lakini huyu samaki mnajua ametoka maji gani?" Wengine walicheka, wengine walinyamaza, na walionyamaza ndio wanaomnyima usingizi. "Mwanafunzi ukimkataza anaogopa. Mwalimu anakutazama tu, anasema sawa Madam, halafu anakwenda kuchapa nyuma ya madarasa ambako hakuna kitabu."

Kwenye kurasa za karibuni safu ya viboko ina vistari tu. Nilimuuliza kama fimbo imepungua kweli au imepungua kwenye karatasi. Alifikiri kwa muda mrefu. "Hilo kitabu hakiwezi kuniambia," alisema.

Nilipofunua tena nikaona kitu nilichokuwa nimekipita. Ukurasa ule ule wa vistari, mstari mmoja: binti wa kidato cha tatu, kosa ni utovu wa nidhamu, viboko vinne, sahihi ya Madam mwenyewe. Safu ya saba iko wazi. Nikaweka kidole pale bila kusema neno. Yeye naye hakusema. Alikichukua kitabu taratibu, akakifunga, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Wakati naondoka, mwalimu wa zamu alikuwa ameshaanza kugonga rimu ya gari iliyoning'inia mwembeni. Yule kijana siku hizi analala kwa shangazi yake, jirani na shule, na jina lake halimo tena kitabuni. Wengine bado wako kituoni. Konda wa njia ya Chanika, kama gazeti hili umelikuta limeachwa kwenye kiti: na yule denti wa tatu mpandishe.