Gundi ya Stika kwenye Gari Jipya: Iondoe Bila Petroli wala Wembe

Wakazi wa Kaunti ya Mombasa wanaonunua magari wanashauriwa kutotumia petroli, thina wala wembe kuondoa gundi inayobaki kwenye rangi baada ya stika kubanduliwa. Mara nyingi gundi hiyo hutoka kwa vitu vilivyomo nyumbani: maji moto, mafuta ya kupikia, sabuni na kitambaa laini. Kinachohitajika zaidi ni subira.

Magari mengi yaliyotumika ambayo huuzwa nchini hushushwa katika Bandari ya Mombasa, mengi yakitoka Japani. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hivyo kwa familia nyingi "gari jipya" ni gari lililokwisha kutumika kwingine. Gari kama hilo linaweza kufika likiwa na stika za namba, za msafirishaji au za mwenye yadi. Magari mapya kabisa nayo huweza kusafirishwa yakiwa yamefunikwa kwa karatasi ya plastiki ya kulinda rangi. Vyote hivi huacha gundi, hasa vikikaa juani muda mrefu.

Kwa nini gundi hung'ang'ania

Gundi ya stika haiyeyuki kwa maji matupu, ndiyo maana kuosha gari mara tatu hakusaidii. Jua huikausha karatasi au plastiki ya stika hadi ikavunjikavunjika, na gundi iliyo chini yake huzidi kuwa ngumu. Kwa hivyo stika ya wiki moja hutoka kwa urahisi kuliko iliyoachwa mwaka mzima. Hata hivyo, gundi hiyo ina udhaifu wake: joto la wastani huilegeza, na mafuta hupenya na kuitenganisha na rangi.

Hasara ya kuharakisha

Rangi ya gari kutoka kiwandani, pamoja na matabaka yake yote, ina unene unaokaribia ule wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Tabaka la juu kabisa ndilo linaloipa gari mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya jua. Wembe, waya wa kusugulia sufuria na sabuni ya unga ya kusugulia hulikwaruza tabaka hilo. Mkwaruzo ukifika kwenye chuma, hewa yenye chumvi ya Pwani huharakisha kutu.

Thina na dawa ya kuondoa rangi ya kucha ni hatari zaidi kwa gari lililowahi kupakwa rangi upya, kwa sababu rangi hiyo huenda ikayeyuka pamoja na gundi. Thina pia huweza kupasua plastiki ya taa za mbele au kuifanya iwe na ukungu.

Kupaka boneti rangi upya ni gharama ya fundi, na gari hulazimika kukaa gereji. Kwa kijana anayelipa mkopo wa sacco kwa kubeba abiria, kila siku ya gereji ni siku isiyo na mapato.

Petroli inaweza kuondoa uhai

Petroli huondoa gundi haraka, na hilo ndilo linalowashawishi wengi. Lakini petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata pasipo na joto kali. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na unaweza kufikia jiko la jirani, sigara au cheche za mchomeleaji aliye hatua kadhaa kutoka hapo. Chupa ya soda iliyotiwa petroli na kuachwa kando ya gari pia ni hatari kwa mtoto anayeweza kudhani ni kinywaji.

Hatua za kufuata

1. Weka gari kivulini na uhakikishe bodi imepoa. Osha sehemu yenye stika kwa maji na shampuu ya gari. Mchanga ukibaki chini ya kitambaa hukwaruza rangi kama msasa.

2. Loweka kitambaa katika maji moto, kikamue, kisha kilaze juu ya stika kwa dakika tatu hadi tano. Mashine ya kukausha nywele pia inafaa, ikishikiliwa umbali wa sentimita 15 hadi 20 na kusogezwasogezwa. Kama huwezi kuweka kiganja juu ya bodi, joto limezidi.

3. Inua ukingo kwa kucha au kadi ya plastiki iliyofunikwa kwa kitambaa. Vuta stika polepole ukiirudisha nyuma karibu na bodi, usiivute moja kwa moja kwenda juu. Ikianza kukatika, ipashe joto tena.

4. Paka mafuta ya kupikia juu ya gundi iliyobaki na usubiri dakika 10 hadi 15. Isugue taratibu kwa kidole gumba au kitambaa cha pamba hadi ijikunje na kutoka. Rudia inapobidi.

5. Gundi ikikaidi, tia spiriti kidogo ya duka la dawa kwenye kitambaa. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama vile ndani ya ukingo wa mlango. Rangi ikionekana kwenye kitambaa, acha mara moja. Spiriti pia hushika moto, kwa hivyo usiitumie karibu na jiko, wala pamoja na mashine ya kukausha nywele.

6. Osha tena kwa shampuu ili kuondoa mafuta yote, kausha, kisha paka nta ya gari.

Wakati mwingine, baada ya gundi kutoka, hubaki alama yenye umbo la stika. Ukipitisha kidole na kukuta pako laini, hiyo si gundi. Ni rangi iliyokingwa na jua huku rangi inayoizunguka ikififia. Kuisugua zaidi hakuiondoi bali hupunguza tabaka la juu. Polishi huweza kuifanya isionekane sana.

Stika zisizofaa kubanduliwa

Si kila stika ni ya kutupwa. Ile iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva kwa kawaida huonyesha kiwango cha hewa ya magurudumu. Kibandiko au bamba lenye namba ya chesisi husaidia kulitambua gari wakati wa ukaguzi na uhamishaji wa umiliki. Tahadhari za mifuko ya hewa nazo ziachwe mahali pake.

Wanaopeleka gari kuoshwa wanaombwa kumwuliza mwoshaji mapema atatumia nini. Mabaki ya mafuta yafutwe kwa kitambaa kabla ya kuosha, na kitambaa hicho kisitupwe mtaroni. Mitaro ya maji ya mvua huelekea baharini, na mafuta yanayomwagwa humo hufika kwa wavuvi na waogeleaji.

Iwapo petroli itashika moto, usiumwagie maji, kwa kuwa huueneza. Ondoa watu karibu na hapo, tumia mchanga au kizimamoto cha unga au povu ikiwa moto ni mdogo, na upige simu ya dharura 999 au 112.