Bukavu: namna ya kufungua Chrome moja kwa moja katika hali ya siri

Katika nyumba za intaneti za Bukavu, kompyuta moja hutumiwa na watu wengi kwa siku. Mteja akisahau kufunga akaunti yake, anayemfuata anaweza kusoma barua zake zote.

Mwenye kompyuta anaweza kupunguza hatari hiyo. Kwenye Windows, bonyeza alama ya Chrome kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua «Propriétés». Mwishoni mwa maandishi ya «Cible», acha nafasi moja, andika --incognito, kisha «OK».

Tangu hapo, alama hiyo hufungua dirisha la siri. Mteja akifunga madirisha yote, akaunti hufungwa na historia haibaki. Lakini faili alizopakua hubaki, na kampuni ya intaneti bado inaweza kujua tovuti alizotembelea.