Kufuata na Kuambatana

Jumapili hii na tulitafakari neno moja tulisikialo mara nyingi katika Misa ya ndoa, pengine pasipo kuupima uzito wake: kuambatana.

Shina la neno hili ni ambata, yaani kunata, kushika pasipo kuachia. Likiongezwa -ana, kama katika pendana na saidiana, jambo huwa la pande mbili. Kupe humwambata ng'ombe, lakini hatusemi kwamba wameambatana. Mmoja hunyonya na mwingine hudhoofika. Ofisini nako, karatasi inayokwenda pamoja na barua huitwa kiambatanisho: barua iendako, nayo iko.

Sisi tukaao Ilagala, Mto Malagarasi unapokaribia kuingia ziwani, twajua kwamba kufuata si kuambatana. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa, na dagaa huzifuata kwa wingi. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, hawakusanyiki tena. Waliifuata nuru, hawakuambatana na mwenye taa. Ndivyo walivyo marafiki wengi na, tukiri, ndivyo zilivyo baadhi ya ndoa zetu. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kila nyumba iliyotegemea nyavu na ijiulize: katika miezi ile 3, tulifuatana tu, au tuliambatana?

Orpa alimpenda Naomi mkwewe. Alilia, akambusu, kisha akarudi kwao, wala hatumlaumu. Lakini kwa Ruthu, Biblia yatumia neno letu: aliambatana naye. Naomi alikuwa amefiwa na mume na wana wote wawili. Ruthu hakuwa na cha kunyonya kwake. Alikuwa na cha kumpa.

Mwambao huu nao una shahidi wake. Adrian Atiman aliuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea uganga Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwa kwetu, akiwa tabibu na katekista. Hakuzaliwa hapo wala hakuwa na ukoo hapo, lakini alioa hapo, akatibu na kufundisha hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Huko ndiko kuambatana.

Nanyi makatekista wetu, mtembeao kigango hata kigango kwa posho ndogo, mnalifundisha neno hili kwa miguu yenu kabla ya midomo. Basi, mnapowaandaa wachumba, msiishie kuwauliza kama wanapendana. Waulizeni pia kama watabaki pamoja ziwa likifungwa.

Ee Bwana, uliyeambatana nasi hata msalabani, utujalie tusikuache wewe, wala tusiachane. Amina.