Rau: Msitu Unaonyweshwa na Mlima

Anayetaka kumfundisha mtoto habari za Kilimanjaro aanzie chini, Rau. Msitu wa Hifadhi wa Rau uko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji wa Moshi, eneo lisilofika hekta 600, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Unafikika kwa bodaboda, kwa baiskeli, hata kwa miguu. Njia zake ni tambarare, kwa hiyo mtoto wa miaka sita anazimudu bila kuomba kubebwa.

Ila sababu yangu ya kuupenda ni nyingine: kwa hesabu ya mvua, msitu huu haukupaswa kuwepo. Moshi mjini hupata milimita 900 hivi kwa mwaka. Mwaka ukiwa mzuri, hizo zinatosha mahindi na maharage, lakini haziwezi kulea miti mirefu iliyofungana vilele na kubaki na kijani hata kiangazi kikali. Shuka kusini kidogo na utakutana na migunga na vumbi. Sasa Rau inakunywa wapi?

Inakunywa kwa mizizi, maji yaliyonyesha kwingine. Ubavu wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, hupata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka. Huko ndiko uliko ukanda wa msitu wa mlimani, ule uliounganishwa na Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Watu hupiga picha theluji ya Kibo na kudhani ndiyo inayotunywesha. Theluji ina sehemu ndogo sana katika maji hayo. Mzigo mkubwa unabebwa na miti. Ukungu unanaswa na majani na zile ndevu za kijani zinazoning'inia matawini, mvua inapokelewa taratibu, kisha maji yanazama kwenye miamba ya volkano iliyojaa nyufa na vitundu. Yanasafiri chini kwa chini hadi tambarare, na huku Rau yanakuwa karibu sana na uso wa ardhi, mahali pengine yanachomoza kabisa. Mkifika kwenye kijito, mwache mtoto atumbukize mkono. Halafu mwonyeshe mlima, kama mawingu yameruhusu, umwambie maji yametoka kule.

Mti wa kwanza kuutafuta ni msoo. Ni mkubwa, unapenda miguu yake iwe kwenye unyevu, na duniani una makao machache: misitu ya namna hii tu, hapa Afrika Mashariki. Mgeni aliyezoea kuvuka bahari ili kuona kitu adimu anaweza kuupita bila kujua, ndiyo maana nasisitiza mchukue mwongozaji.

Kisha mvule. Simameni chini ya mmoja uliokomaa, watoto wajaribu kuuzungushia mikono wakiwa wameshikana. Mafundi seremala wanaujua kwa jambo jingine: ndani ya mbao zake mara nyingine mnakuwa na vipande vigumu vya mawe vinavyobutua msumeno. Mawe hayo ni chokaa, na mti umeyatengeneza wenyewe. Matunda yake huliwa na popo, ambao huzibeba mbegu na kuzitawanya usiku. Mche ukishaota, tafuteni majani yenye uvimbe kama vipele vya kijani. Ndani ya kila uvimbe mna kidudu kichanga kinachofyonza utomvu. Uvimbe ukipasuka na kuoza, kilele cha mche hufa. Hii ni sababu kubwa ya mashamba ya mvule kushindikana: miche mingi ikipandwa pamoja juani, kidudu hiki huifagia. Mtoto akishauona uvimbe huo kwa macho yake, ataelewa kwa nini mti mmoja mzee haulipiwi fidia kwa kupanda kumi mipya.

Juu mtasikia matawi yakivunjika: mbega. Nyeusi kwa nyeupe, mkia mrefu, kidole gumba karibu hakuna. Tumbo lake lina vyumba kadhaa ambamo majani huchachushwa na vijidudu hadi yaweze kumlisha. Kwa hiyo msimtupie ndizi wala biskuti. Zinamharibia tumbo hilo. Watoto wake huzaliwa weupe kabisa, na ukimwona mmoja kifuani mwa mama yake, kaeni kimya mumtazame kwa muda mrefu.

Masika, Machi hadi Mei, vaeni mabuti ya mpira na mjipake dawa ya mbu. Nendeni asubuhi.

Msirudi mjini kabla ya kuona mashamba ya mpunga yanayopakana na msitu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani, unatumia maji ya mito Rau na Njoro. Maji hayo hayatoshi wote kwa wakati mmoja. Mkikuta mzee yuko kwenye mfereji na jembe lake, watoto wamwamkie shikamoo, kisha wamuulize zamu yake ya maji ni lini, na ni akina nani wanaoyachota kabla hayajamfikia. Atawataja wa mfereji wa juu yake, kisha wa vijiji vya juu zaidi, hadi atakaponyoosha mkono kuelekea mlimani.